Vidole Kumi vya Fundi Ambilikile

Msumeno kunyamaza si kulala.

Mliisikia methali hii juzi sokoni, mlipokuwa mkimtania muuza viazi kwa sababu hajibu, na yule mama wa vitunguu akawatupia maneno hayo bila hata kuinua macho. Mkacheka. Leo mmekuja kuuliza yametoka wapi, na mmefanya vyema, kwani mtu anayetumia neno asilojua chanzo chake ni kama aliyevaa koti la kuazima: linaweza kumkaa vizuri mabegani, lakini hajui mifukoni mna nini. Kaeni, basi. Chanzo chake ni hiki.

Umeme ulipokuwa bado mgeni katika mteremko mmoja wa Tukuyu, palikuwa na seremala aitwaye Ambilikile. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, na jambo lililomtia fahari kuliko milango yote aliyoitengeneza ni kwamba vidole vyake vilikuwa kumi. Msicheke. Tafuteni seremala wa umri ule, mhesabu vidole vyake, kisha mrudi mniambie. Kila asubuhi alipokutana na jirani, kabla hata ya salamu, aliinua mikono yote miwili hewani na kusema, "Kumi! Vyote vipo!" Ndipo habari nyingine zikafuata.

Alikuwa na msumeno wa mkono alioutumia miaka thelathini na mitano. Jioni, kazi ikiisha, aliupangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akaupitishia kiganja kwenye ubapa kama mtu anayembembeleza mtoto, akautundika kwenye msumari mrefu karibu na mlango. Kisha aliuambia, "Lala sasa, mzee mwenzangu." Na ule msumeno ulilala kweli. Msumeno wa mkono hauna nguvu ila ya mkono. Mkono ukitulia, nao hutulia.

Nyumbani kwake alikaa pia mke wa mwanawe, jina lake Tusekile. Mumewe, Gwamaka, alikuwa dereva wa malori, leo Mbeya kesho Songea, hivyo Tusekile aliishi na wakwe zake. Binti huyu alikuwa amesoma useremala miaka miwili katika chuo cha ufundi, mwanamke peke yake darasani, na mashine za kupasua mbao alizijua kama mpishi anavyolijua jiko lake. Lakini ujuzi huo hakuwa na mahali pa kuutumia. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana hakusimama mbele ya baba mkwe. Hakuzungumza naye uso kwa uso. Hakumtaja jina. Wakikutana njiani, mmoja alikata kona kuingia migombani mpaka mwenzake apite. Na kumgusa? Hilo halikusemwa hata kwa mzaha.

Kwa hiyo mkwe alipokuwa karakanani, Tusekile alikaa nje. Kuta za karakana zilikuwa za mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, na kati ya banzi na banzi palikuwa na nafasi ya kupitisha jicho. Alizoea kukaa hapo nyuma akimenya ndizi, akisikiliza randa ikiimba, na mara mojamoja akichungulia.

Sasa, Jumatano moja, lori la Gwamaka likapanda mteremko likipiga honi tangu chini hadi juu. Nyuma lilibeba msumeno wa meza, msumeno wa umeme, wenye diski ya meno yenye ukubwa wa sinia dogo. Hakuna aliyebaki ndani. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wanne waliubeba ule mzigo kama bibi harusi, na Ambilikile mwenyewe alitangulia njia akitembea kinyumenyume, kofia yake ya pama imeegemea sikio, akipaza sauti: "Polepole! Mwinueni huku! Huyu ni mgeni wangu!"

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Kanisa jipya la mtaa wa juu lingefunguliwa Jumapili, na milango yake miwili mikubwa ilikuwa mikononi mwa Ambilikile. Kwa msumeno wa mkono asingemaliza. Kwa huu mpya angeweza.

Ubao wa kwanza ulipoingia, mashine ilinguruma, na meno yakapita ndani ya mbao kama kisu ndani ya parachichi lililoiva. Umati ukapiga makofi.

"Fundi!" akasema jirani yake, Mzee Mwaisaka, aliyejipatia kiti cha mbele tangu asubuhi. "Kazi ya siku mbili umeimaliza kabla sijamaliza kukohoa!"

"Na bado hujamaliza, kohoa tena niende wa pili!" Ambilikile akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Nyuma ya mabanzi, Tusekile naye alikuwa akicheka. Moyo wake ulikuwa ukirukaruka, kwa kuwa mlio ule alikuwa ameukosa tangu chuoni. Aliweka jicho kwenye upenyo ili aone vizuri. Kicheko kikakatika.

Kwanza, kile kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya diski hakikuwepo. Mkwe wake alikuwa amekifungua na kukitupa kwenye kona. "Kinanizibia," alikuwa akiwaeleza watu. "Mimi nataka kumwona ninayefanya naye kazi. Ameshaolewa, shela ya nini?" Pili, mikono ya shati lake ilikuwa mirefu na imelegea. Tatu, alisukuma mbao kwa vidole vitupu hadi karibu kabisa na meno. Na la nne ndilo lililomtoa jasho. Mashine ilipozimwa, kabla haijamaliza kuzunguka, Ambilikile alinyoosha mkono kukung'uta vumbi la mbao pembeni mwa diski, akasema kwa upole uleule wa miaka yote, "Lala sasa."

Jioni, Gwamaka akiwa ameshaondoka tena na lori lake, Tusekile alimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, naomba mumwambie baba kwa niaba yangu," akasema. "Ule msumeno si kama wa mkono. Ukinyamaza haujalala. Arudishe kifuniko, asukume mbao kwa kijiti wala si kwa kidole, na kila anapotaka kuugusa achomoe kwanza plagi ukutani."

"Nitamwambia, mwanangu," akasema Mama Gwamaka.

Na alimwambia, kwa namna yake. Alimjua mumewe. Alijua kwamba mtu aliyeshika msumeno miaka thelathini na mitano hafundishwi kushika msumeno na binti aliyeolewa mwaka huu. Basi wakati wa kumwekea chakula alisema tu, "Mkamwana wako anakusalimu. Anasema uitunze mashine vizuri."

"Binti mwenye adabu," akasema Ambilikile, akaendelea kula.

Alhamisi Tusekile akatuma ujumbe tena, wenye meno zaidi. Ukafika umeng'olewa meno yote: "Mkamwana wako anakuombea kazi njema." Mzee akafurahi mno. Tusekile, akiona kwenye upenyo kwamba hakuna kilichobadilika, alidhani mkwe wake amesikia na kudharau. Ambilikile alidhani anasifiwa. Mama Gwamaka alidhani ameilinda amani ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa, watu watatu wema chini ya paa moja, na neno moja la kuokoa limepotelea kati yao.

Ikafika Ijumaa. Milango ilibakiza mbao tatu za kupasua. Mama Gwamaka alikwenda kanisani na wanawake wenzake kusafisha. Tusekile alikaa mahali pake nyuma ya mabanzi, na beseni la ndizi magotini. Saa sita mchana, ubao ukiwa umepasuliwa nusu, umeme ukakatika.

Mngurumo ukashuka, ukawa mlio, ukawa mnong'ono, ukaisha. Ubao ulibaki umeng'ang'aniwa na meno ya diski, na kipande kidogo kilichokatika kikawa kimenasa pembeni. Swichi ya mashine ilikuwa bado imewashwa. Hakuna aliyeizima; mashine ilizimwa na kukatika kwa umeme, wala si na mtu.

Ambilikile alingoja. Alikaa, akasimama, akapangusa jasho, akapiga mluzi wa wimbo wa Jumapili.

Hapa nieleze jambo moja, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa. Umeme ulipokuwa ukirudi, haukurudi kwa wote pamoja. Waliwashiwa kwanza watu wa mtaa wa juu penye kanisa, halafu wa kati penye shule, halafu ndipo watu wa mteremkoni. Na kila mtaa ulipopata, watoto kwa wazee walipiga kelele kwa nguvu zao zote: "Umerudiii!" Kelele ilishuka kilima kama maji ya mvua, mtaa kwa mtaa. Toka ya kwanza hadi ya mwisho mtu aliweza kuvuta pumzi kumi hivi, si zaidi. Watu waliipenda kelele ile. Waliokuwa chini walijua zamu yao inakuja.

Basi ikasikika kutoka juu: "Umerudiii!"

Ambilikile akaruka kama kijana. "Unakuja!" akasema peke yake. "Unakuja, unakuja!" Akataka aukute umeme yuko tayari, asipoteze hata dakika. Akauendea msumeno. Akainama juu ya diski iliyonyamaza, akanyoosha vidole vyake kukinyofoa kile kipande kilichonasa kati ya meno na meza.

Tusekile aliona yote kupitia upenyo. Aliiona swichi. Aliviona vidole.

"Mama!" akapiga kelele, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na njia nyingine iliyozoea. "Mama, mwambie baba atoe mkono!"

Lakini mama alikuwa kanisani akipiga deki. Ndani, Ambilikile alisikia sauti ya mkamwana akimwita mama yake, akadhani ni mambo ya jikoni. Kipande kilikuwa kimekaza. Akaingiza na mkono wa pili.

"Umerudiii!" Huo ni mtaa wa kati, penye shule.

Beseni likapinduka. Ndizi zikatawanyika. Tusekile akazunguka kona ya karakana mbio. Mlangoni akasita. Ndiyo, alisita, naye alisema hivyo mwenyewe baadaye bila kuona haya, kwa sababu kizingiti kile alikuwa hajawahi kukivuka mkwe wake akiwa ndani, na miguu ina kumbukumbu zake. Plagi ilikuwa ukutani upande wa pili wa meza. Asingeifikia. Mgongo wa mzee ulikuwa hapa, hatua tatu.

Akavuka. Akamkumbatia baba mkwe wake kiunoni kwa mikono miwili, akamvuta nyuma kwa nguvu zote alizojaliwa.

Walianguka wote wawili kwenye maranda. Kofia ya pama ikamruka mzee kichwani, ikatua mezani, juu ya diski. Na pale pale mashine ikanguruma. Kile kipande kilichonasa kikaruka kama risasi, kikapiga banzi la ukuta na kulipasua. Kofia ikasukwasukwa, ikazunguka mara moja, ikaangukia upande wa pili imechanika kuanzia ukingo hadi katikati.

"Umerudiii!" mteremko wote ukashangilia.

Mzee Mwaisaka ndiye aliyefika wa kwanza, akiwa amekuja mbio kuona mbao zikipasuliwa, na nyuma yake watu saba wanane, wote wakiwa na vicheko midomoni. Vicheko vikafa. Walichokiona ni fundi chini, kichwa wazi, na mkamwana wake amemng'ang'ania kiunoni.

"Mama wee!" Mwaisaka akashika kichwa. "Ambilikile! Huyu si mke wa mwanao?"

Tusekile akaachia kama aliyeshika kaa la moto. Akajifunika uso kwa kitenge, akatoka mbio, akakaa nyuma ya mabanzi kati ya ndizi zake. Alijua anachongoja. Angerudishwa kwao kabla Gwamaka hajapata hata habari.

Ndani, Ambilikile alisimama. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, na mdomo umeshafunguka. Kisha macho yake yakaangukia ile kofia. Akaiokota. Akapitisha vidole vyake kwenye ule mpasuko, kimoja baada ya kingine, na midomo yake ikaonekana ikihesabu.

Akatembea polepole hadi ukutani, akaichomoa plagi. Mashine ikaacha kunguruma. Lakini ile diski, bila sauti yoyote, iliendelea kuzunguka, ikazunguka, ikazunguka, na Ambilikile akaitazama mpaka iliposimama.

"Siku tatu nimekuwa nikikuambia ulale," akaiambia kwa sauti ndogo. "Na wewe ulikuwa unanitazama tu."

"Fundi," akasema Mwaisaka, "mila imevunjwa mbele ya macho yetu. Utasema nini?"

"Nitasema nini?" Ambilikile akainua mikono yake juu, karibu na pua ya jirani yake. "Hesabu!"

"Ambilikile, mimi nazungumza habari ya—"

"Hesabu, nakuambia!"

"Kumi," akasema Mwaisaka.

"Mila iliwekwa ili niheshimiwe. Leo nimeheshimiwa kuliko siku zote za maisha yangu. Kama kuna faini, nitachinja jogoo, nawe utakula paja." Akageukia ukuta wa mabanzi, na mbele ya watu wote akafanya ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yule aolewe: akazungumza naye moja kwa moja. "Mwanangu! Uko hapo?"

Sauti ikatoka kwenye upenyo, nyembamba: "Nipo, baba."

"Ulijuaje?"

"Swichi ilikuwa imewashwa, baba. Nilituma neno Jumatano. Na jana."

"Neno gani? Mimi nililetewa salamu."

"Nilisema msumeno ule ukinyamaza haujalala."

Wote walioujua uso wa Ambilikile waliona kitu kikipita pale, kitu kama aibu, ambacho hakikukaa sana. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mmesikia?" akawaambia watu. "Mimi nimekata mbao miaka thelathini na mitano, na sikujua neno hilo. Msumeno kunyamaza si kulala! Mwaisaka, mpishe. Mpe kiti chako. Ndaga fijo, mwanangu, asante sana, ingia ndani. Mila ibaki huko nje mpaka milango ya Mungu iishe, na ikiisha tutaona kama bado tunaihitaji humu."

Tusekile aliingia, kichwa kimeinama, kitenge mabegani. Lakini alipofika mbele ya mashine kichwa kiliinuka chenyewe. Alikiokota kifuniko kule konani, akakifunga mahali pake. Akamwomba mkwe wake akunje mikono ya shati hadi juu ya viwiko, naye akakunja. Akachonga kijiti chenye pembe mwishoni cha kusukumia mbao, urefu wa mkono mmoja, akasema, "Bora hiki kikatwe kuliko kidole, baba. Tutachonga kingine." Akamfundisha asisimame nyuma ya ubao moja kwa moja, bali pembeni kidogo, kwa kuwa ubao ukirudishwa na meno hauulizi tumbo la nani. Akamwonyesha swichi: umeme ukikatika, izimwe palepale, hata kabla ya kulalamika.

"Na plagi?" akauliza Ambilikile, kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele.

Tusekile akatazama huku na huku. Akauona ule msumari mrefu wa karibu na mlango. Akaushusha msumeno wa mkono, akauegemeza ukutani kwa heshima, akaitundika plagi pale.

"Ikiwa hapa, baba, na diski imesimama, ndipo mtauambia ulale."

Waliimaliza milango Jumamosi alasiri, watu wawili ndani ya wingu la vumbi, na Mama Gwamaka akileta chai na kushindwa kuwatazama usoni kwa zile salamu zake alizozitia asali. Hakuna aliyemkemea. Mumewe alimwambia tu, "Siku nyingine, mke wangu, ujumbe wenye meno uniletee na meno yake."

Jumapili kanisa likafunguliwa, na milango ile ikafunguka bila kulia. Kwaya iliingia, watu wakaingia. Ambilikile alisimama kizingitini akiwa amevaa kofia yake iliyochanika, wala hakukubali ishonwe. Alipotakiwa aseme neno, aliinua mikono yote miwili.

"Kumi!" akasema. "Vyote vipo!" Watu wakaitikia kwa kicheko, kwa kuwa walishazoea. Lakini safari hii hakuishia hapo. Alimtafuta Tusekile kwa macho hadi akamwona katika safu za nyuma, akamwelekezea mikono ile. "Na mwenyewe yuko pale."

Waliosikia habari ile waliichukua sentensi ya Tusekile wakaenda nayo majumbani, na huko ikapata kazi nyingine nyingi. Wakaitumia kwa mto uliotulia baada ya mvua, kwa ugomvi uliozimwa bila kumalizwa, na kwa mtu mpole anayetaniwa siku nzima bila kujibu, kama yule muuza viazi wenu. Lakini katika karakana ile ya mabanzi haikupata maana nyingine. Kila jioni, Ambilikile alisimama mlangoni, akaangalia swichi, akaangalia msumari, kisha akamtazama mkamwana wake aliyekuwa akifagia maranda upande wa pili wa meza.

"Je, mwanangu?" huuliza.

Naye huitazama diski mpaka isimame kabisa.

"Sasa, baba."

Ndipo mzee huuambia, "Lala." Kabla ya hapo hakuthubutu, kwani vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimekwisha kufundishwa: msumeno kunyamaza si kulala.